Pikipiki ya Kaka

Paa la stoo lilianguka siku ya tatu ya mvua. Halikuanguka lote, ni upande mmoja tu, ule uliokuwa ukivuja tangu mwaka juzi na ambao fundi cherehani aliahidi kila msimu kwamba safari hii atauziba. Alisikia kishindo akiwa kwenye cherehani chumba cha mbele. Akaondoa mguu kwenye pedeli, akatega sikio. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza, "Umesikia hiyo?" Akavaa kandambili, akatoka uani kujionea mwenyewe.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na binti zake wawili walikuwa wameolewa miji ya mbali, kila mmoja na watoto wake na mahangaiko yake. Nyumba ilibaki na yeye na cherehani mbili, moja nzima na moja ya kutolea vipuri. Zamani alishona sare za shule nzima. Siku hizi watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari, yeye wanamletea suruali za kupunguza na zipu za kubadilisha. Kulikuwa na siku neno lake la kwanza kutamka lilikuwa "Karibu", saa nane mchana, na huyo aliyebisha hodi alikuwa amekosea nyumba.

Mvua ilipopungua akaanza kuokoa vitu kimoja kimoja: maboksi ya mabaki ya vitambaa, kitanda cha chuma kisicho na chaga, sanduku la nguo za marehemu mkewe ambalo hakulifungua, alilihamishia tu chumbani. Mwisho ikabaki pikipiki, imefunikwa turubai, tairi zote mbili zimekaa chini hazina upepo. Alijua ipo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiingia stoo na kutoka bila kuitazama, kama mtu anavyokutana sokoni na mtu aliyegombana naye.

Kuisukuma mpaka uani kulimchukua karibu nusu saa. Alipoisimamisha chini ya mwangaza akaketi juu ya kiti chake ili apumzike kidogo, mikono kwenye usukani. Matone ya mwisho ya mvua yakaisha, na alikuwa bado amekaa hapo.

Pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake.

Walizaliwa wawili tu. Kaka alikwenda kujifunza ufundi wa pikipiki, yeye akaenda kwenye cherehani, na mama yao alipenda kuwaambia wageni kwamba amejaliwa mafundi wawili, mmoja anashona nguo na mwingine anashona vyuma, ila hakuna hata mmoja anayeweza kushona mdomo wake. Mtaani wakaitwa Fundi Mkubwa na Fundi Mdogo. Baadaye kaka akahamia mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa pikipiki, akafungua gereji, akaoa huko. Mdogo akabaki na mama, na mama alipoanza kuugua ni yeye na mkewe waliomuuguza, miaka mitatu.

Mama alifariki alfajiri. Kaka akapigiwa simu, akasema anatoka sasa hivi. Maziko yakapangwa saa saba mchana. Saa saba ikapita, simu ya kaka haipatikani. Saa tisa mama akazikwa. Kaka aliingia saa kumi na moja jioni, watu wengi wameshaondoka, viti vinakusanywa. Alikuwa amelowa jasho, mikono myeusi kwa oili mpaka viwikoni, suruali imechanika gotini. Alisimama katikati ya ua akasema, "Pikipiki imenisumbua njiani."

Fundi cherehani alimjibu mbele za watu. "Pikipiki? Fundi wa pikipiki anasumbuliwa na pikipiki?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kile kicheko kidogo kinachomponyoka mtu.  Kaka aliweka ufunguo juu ya meza, akageuka, akaenda zake kwa miguu mpaka kituo cha mabasi. Hata kaburini hakufika. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Mke wa fundi alipofariki ulikuja ujumbe mmoja kwenye simu kutoka namba asiyoijua: "Pole sana mdogo wangu. Mungu akutie nguvu." Aliusoma mara tatu. Hakuujibu, ila namba aliihifadhi.

Asubuhi iliyofuata baada ya kuitoa pikipiki stoo, hakuwa na kazi isipokuwa zipu moja. Aliimaliza saa tatu. Saa nne alikuwa amechuchumaa uani mbele ya pikipiki.

Alianza na yale ambayo mtu yeyote angeanza nayo. Akajaza tairi upepo. Ya mbele ikakubali, ya nyuma ikabidi abadilishe tyubu. Akamwaga oili ya zamani, nyeusi na nzito, akaweka mpya. Petroli aliyoikuta kwenye tangi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na inanuka kama vanishi ya mbao. Akaimwaga yote, akasuuza tangi mara mbili, kutu ikatoka kama unga wa matofali. Akanunua plagi mpya. Kisha akasimama, akavuta pumzi, akapiga kiki.

Hakuna. Akapiga tena. Alipofika arobaini aliacha kuhesabu, paja linatetemeka. Jirani, mama mmoja mwenye sauti ya kuita mtu wa mtaa wa pili, alichungulia juu ya ukuta.

"Fundi, unapanda ngazi kwenda wapi?"

"Nafanya mazoezi," alijibu.

"Basi usije ukafika juu peke yako, utuite," akasema yule mama, akacheka, akarudi kwenye nguo zake. Fundi naye alicheka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya siku hiyo, na jioni aliyarudia kichwani akitafuta jibu zuri zaidi ambalo angelitoa.

Mambo ya injini hakuyajua sana, lakini alikuwa amekua pamoja na mtu anayeyajua, na maneno ya kaka yalikuwa yamebaki mahali fulani kichwani. *Moto au mafuta. Kimojawapo hakipo.* Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akapiga kiki kwa mkono. Cheche ya bluu ikaruka. Moto upo. Kwa hiyo ni mafuta. Siku iliyofuata akafungua kabureta, akaitandaza vipande vipande juu ya kitambaa cheupe kama anavyopanga vipande vya koti kabla ya kuunga. Kwenye bakuli lake la chini kulikuwa na utando wa kijani mgumu. Akaukwangua. Jeti, kile kijiti cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, ilikuwa imeziba kabisa. Alichagua sindano ya mkono, nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, akaizibua.

Ikawaka! Kiki ya nne. Ua mzima ukajaa moshi mweupe, kuku wa jirani wakatawanyika, na fundi akajikuta amesimama ameinua mikono juu kama mshindi wa mbio, hakuna wa kumpigia makofi. Kisha akarudisha choki, kile kiwiko kinachosaidia injini baridi kuwaka, na pikipiki ikakohoa, ikapiga mlio kama bunduki kwenye ekzosi, ikazimika. Akawasha tena na choki, ikawaka. Akaondoa choki, ikazima. Hivyo hivyo mpaka saa kumi.

Jumapili binti yake mkubwa alipiga simu kama kawaida. Alimsimulia yote: plagi, kutu, choki.

"Sasa baba," akasema binti, "si umpigie baba mkubwa?"

"Watoto hawajambo?"

"Baba."

"Huyo mdogo meno yameota mangapi?"

Binti akavuta pumzi kwenye simu, akamwambia mawili.

Baada ya kukata, fundi alikaa na simu mkononi. Alijiambia ni kwa ajili ya pikipiki tu. Angempigia fundi yeyote mwingine, basi na huyu ni fundi. Akapiga ile namba aliyoihifadhi kabla hajabadili mawazo.

"Halo."

"Ni mimi," akasema fundi cherehani.

 Kwa mbali redio ilikuwa inasoma habari. Kisha redio ikazimwa.

"Nani amefariki?" akauliza kaka.

"Hakuna. Hakuna aliyefariki." Akahamishia simu sikio la pili. "Ni pikipiki. Nimeitoa stoo. Inawaka, ila nikiondoa choki inazima."

Alisubiri simu ikatwe. Haikukatwa.

"Umefungua kabureta?"

"Nimefungua."

"Jeti umezibulia nini?"

"Sindano."

"Sindano!" Sauti ikapanda juu, ile ile ya zamani. "Unaingiza sindano kwenye jeti? Hiyo ni suruali? Shaba ni laini, ukiikwaruza tundu linapanuka, itakunywa mafuta kama ngamia!"

"Niliingiza polepole."

"Polepole," akasema kaka. Kisha, "Ulizibua ngapi?"

"Moja."

"Ziko mbili. Hiyo uliyozibua ni kubwa. Pembeni yake, ndani zaidi, kuna ndogo, inafunguliwa kwa bisibisi nyembamba. Hiyo ndogo ndiyo inailisha ikiwa imesimama. Itoe, iloweke kwenye petroli mpaka kesho, halafu chukua uzi mmoja wa waya wa umeme, mmoja tu, upitishe. Sindano weka mbali."

"Sawa kaka."

Neno lilimtoka lenyewe. 

"Haya," akasema kaka, akakata.

Jeti ndogo ilikuwa pale pale aliposema. Fundi alifanya kama alivyoelekezwa, na kesho yake saa tano pikipiki iliwaka, akaondoa choki, ikaendelea kunguruma. Akapiga simu. Safari hii kaka alipokea mlio wa kwanza.

"Isogeze simu karibu na injini," akasema. Fundi akaishikilia simu jirani na kabureta kama mtu anayemshikia mwingine taa. Aliporudisha sikioni, kaka alikuwa anasema, "Iko juu kidogo. Ile skrubu ya pembeni, irudishe nusu mzunguko. Hapo. Ongeza kidogo. Hapo hapo, acha." Akanyamaza akisikiliza.  Dakika mbili nzima hawakusema chochote, wanaisikiliza injini, mmoja hapa, mwingine saa tano mbali.

"Sasa itie barabarani," akasema kaka.

Akaitia barabarani. Alipita mtaa wake, akapita shule, akashika barabara kuu inayotoka nje ya mji, upepo umejaa kwenye shati. Injini ilikuwa inavuta vizuri. Akaanza hata kuimba. Alipofika kwenye kiwanda cha matofali pikipiki ikaanza kupungua nguvu, kama mtu anayesahau alichokuwa anasema, ikazimika. Akapiga kiki mpaka akachoka. Akakaa kando ya barabara. Baada ya dakika kumi akajaribu tena, ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, akageuza kurudi nyumbani. Karibu na mtaa wake ikazima tena.

"Koili," akasema kaka kwenye simu. "Ndiyo inayopeleka umeme kwenye plagi, ikipata joto inapoteza moto. Kesho ikizima, palepale, kabla haijapoa, chomoa plagi uangalie cheche."

Akafanya hivyo. Cheche ilikuwepo, nene na ya bluu.

"Basi si koili. Koki ya mafuta?"

"Nimeisafisha. Kichujio nimekitoa kabisa."

"Inatembea umbali gani mpaka izime?"

"Kama kilomita sita."

 Sauti ya kaka ikashuka. "Inapungua nguvu kwanza? Polepole? Halafu inazima, ukisubiri inawaka?"

"Ndivyo hivyo."

"Ndivyo ilivyonifanyia siku ile."

Hakuna aliyehitaji kusema siku ipi. Fundi alikuwa amesimama kando ya barabara, kiwanda cha matofali kikitoa moshi nyuma yake, lori likapita, akageukia upande mwingine ili asikie.

"Nilifungua kila kitu," akasema kaka. "Njia nzima. Plagi, kabureta, waya. Nafungua, nafunga, inakwenda kidogo, inazima. Simu ikaisha chaji nikipiga kuita mafundi wenzangu. Mimi, nawaita mafundi."

Fundi cherehani akasema la pikipiki. "Leo haikuchukua hata dakika kumi. Nilifungua tangi kuangalia kama mafuta yapo, nikapiga kiki, ikawaka hapo hapo."

"Ulipofungua tangi." Kaka alisema taratibu sana. "Ulisikia kitu?"

Akafikiri. "Ndiyo. Kama mtu anavuta pumzi. Fyuu."

Fundi akaangalia simu kama bado ipo hewani.

"Utoe mfuniko wa tangi," akasema kaka. "Ugeuze. Kuna tundu dogo sana la kupitisha hewa. Mafuta yakishuka, hewa lazima iingie juu yake, isipoingia mafuta yanagoma kushuka. Liangalie hilo tundu."

Fundi alitoa mfukoni miwani yake ya kushonea, akaivaa. Akaugeuza mfuniko kwenye jua. Kwa ndani tundu lilikuwepo. Akaugeuza kwa nje, mahali lilipotakiwa kutokea.

"Limeziba," akasema.

"Limezibwa na nini? Kutu?"

"Hapana. Rangi. Ni rangi ya bluu, hii ya tangi."

Alisikia kaka anavuta hewa.  Fundi alisubiri, akasema, "Kaka?" Akasikia kitu cha chuma kinawekwa mezani, kisha simu ikakatwa.

Akalizibua tundu kwa ncha ya sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye ukosi wa shati, rangi ikabanduka kipande kidogo kama gamba la samaki, akawasha pikipiki. Siku hiyo alikwenda kilomita arobaini kwenda na kurudi, na haikuzima hata mara moja. Jioni alipiga simu amwambie. Haikupokelewa. Alipiga kesho yake asubuhi na mchana. Akaandika ujumbe: "Imepona." Alifuta. Akaandika: "Kaka, tafadhali pokea." Akautuma, haukujibiwa.

Wiki ikapita. Cherehani ilikuwa kimya zaidi kuliko ilivyokuwa kabla, au yeye ndiye aliyekuwa anakisikia kimya zaidi, kwa sababu kwa siku chache kulikuwa na mtu wa kumpigia. Alipunguza suruali tatu. Ya tatu aliikata fupi mno, jambo ambalo halikuwahi kumtokea, ikabidi anunue kitambaa aishone upya. Siku ya Alhamisi alifunga mlango wa mbele, akamwomba yule mama jirani amwangalizie nyumba, akajaza tangi, akaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Barabara ilikuwa ile ile aliyopita kaka, ila yeye alikuwa anaipita kinyume. Baada ya kilomita sita za kwanza alijikuta akiangalia pembeni: mtaro, kichaka, jiwe. Hapa angesimama. Baada ya sita nyingine, hapa tena. Alianza kuhesabu bila kukusudia, na alipofika ishirini alitamani kuacha lakini hesabu ikaendelea yenyewe. Kulikuwa na mlima mmoja mrefu usio na kivuli. Alimwona kaka hapo, amepiga goti kwenye kokoto, anafungua kabureta kwa mara isiyojulikana ya ngapi, akiangalia jua limefika wapi. Karibu na mji wa kaka alikuwa amefika arobaini.

Gereji ilikuwa imefungwa. Nyumba ilikuwa nyuma yake. Shemeji yake, mwanamke mnene mwenye macho mapole, alitoka akijifuta mikono kwenye kanga, akamtazama, akaitazama pikipiki.

"Shemeji," akasema. "Umekonda."

"Hujambo shemeji. Yupo?"

"Yupo. Ila tangu wiki iliyopita hasemi, na gereji hafungui. Nilidhani anaumwa." Akashusha sauti. "Amekusikia unakuja. Amesimama kabla mimi sijasikia chochote, kisha akaketi tena."

Kaka alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, mbele yake pampu ya maji iliyofunguliwa. Nywele zote zilikuwa zimekuwa nyeupe. Hilo lilimshtua fundi, kwa sababu kichwani mwake kaka alikuwa amebaki kama siku ile, mweusi kwa oili.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Ilizima njiani?"

"Haikuzima."

Kaka akatikisa kichwa kukubali, akageuza spana mkononi. "Niliipaka rangi wiki ile," akasema. "Mama alinipigia, akasema utakuja lini, na hilo pikipiki lako lililopauka kama punda. Akacheka. Nikasema nikija utaniona na bluu. Nikaipaka tangi na mfuniko wake, sikuziba tundu kwa tepu kwanza kama inavyotakiwa. Kazi ya haraka. Mjini hapa inatembea kidogo, inazimwa, inafunguliwa, haikuonyesha." Akaiweka spana chini. "Na njiani nilikuwa nafungua tangi, unajua? Kuangalia mafuta. Nikifungua inawaka. Mara arobaini nilifungua nikaona inawaka, nikadhani ni kwa sababu imepumzika. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angejua."

"Ulikuwa umechanganyikiwa. Ulikuwa unakwenda kuzika."

"Sikuzika."

Fundi cherehani alikuwa na maneno aliyoyabeba saa tano nzima, na kabla ya hapo miaka kumi na mmoja. Aliketi chini, ukingoni mwa msingi wa nyumba.

"Kaka, siku ile wazee walisema tusubiri mpaka jioni. Wewe ulidhani ni wao walioharakisha. Hapana. Waliniuliza mimi. Mimi ndiye niliyesema tuendelee."

Kaka akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na hasira. Miaka mitatu nilimlisha, nilimgeuza, nilimwosha. Usiku ule wa mwisho alikuwa akiita. Akawa anaita jina lako. Namwambia, mama, ni mimi, niko hapa. Anasema sawa, halafu anakuita wewe." Akaangalia mikono yake. "Mchana ukawa hufiki. Nikasema, basi na usimkute."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na vikombe viwili. Akarudi navyo ndani.

Kaka hakusema amesamehe, wala hakumfukuza.  Kisha akainama, akachukua kipande cha pampu, akaanza kukirudisha mahali pake, na baada ya kitambo akanyoosha mkono bila kutazama. Fundi akaona anahitaji boliti iliyokuwa karibu na mguu wake, akampa. Hivyo wakaimaliza pampu.

Walikula bila maneno mengi, shemeji akiwasemea wote wawili. Fundi alilala pale. Asubuhi alimkuta kaka amechuchumaa kando ya pikipiki.

"Mnyororo ulikuwa umelegea," akasema kaka. "Nimeukaza. Breki ya nyuma usiiamini sana."

"Twende wote," akasema fundi. "Nikupeleke kwa mama."

Kaka aliitazama pikipiki, tangi lake la bluu lililopauka. "Juu ya hiyo? Siwezi." Akasimama akishika kiuno. "Nitakuja. Siku yangu. Nenda, jua lisije likawa kali."

Alikuja baada ya miezi miwili, kwa basi, bila kutoa taarifa mpaka aliposhuka kituoni. Fundi alimfuata kwa miguu, wakatembea pamoja mpaka makaburini. Langoni kaka akamuuliza ni lipi, akaelekezwa, kisha akasema, "Niache kidogo." Fundi akabaki nje ya lango. Kutoka pale alimwona kaka yake amesimama, kisha amechuchumaa, kisha ameketi kabisa chini kwenye udongo na suruali yake safi. Alikaa karibu saa nzima. Alikuwa anaongea, kichwa kilikuwa kinatikisika kama cha mtu anayeeleza jambo refu. Fundi hakusikia hata neno moja, wala baadaye hakuuliza.

Nyumbani alimwandalia chakula. Kaka alikula kidogo, akaiona stoo, akasema bati ambalo fundi alilirudisha mwenyewe limepigiliwa vibaya, akapanda kwenye ndoo akaongeza misumari miwili. Saa tisa akasema basi la mwisho ni saa kumi. Fundi alimwambia kitanda kipo. Kaka akasema, "Safari nyingine." Kituoni walishikana mikono, na kaka aliushika wake kwa muda zaidi kidogo kuliko inavyohitajika, akapanda, akakaa upande wa pili wa basi ambako fundi hakuweza kumwona.

Siku hizi wanapigiana, mara nyingi Ijumaa. Kaka ndiye aliyesema pikipiki isilale tena, aizungushe kila wiki hata kama hana pa kwenda, na kila wiki fundi anaizungusha, anakwenda mpaka kiwanda cha matofali, anageuza, anarudi. Kama kuna kitu kimelegea au kinatoa mlio, wanaongea mpaka dakika ishirini. Kama hakuna, kaka anauliza, "Inaendaje?" Naye anasema, "Vizuri tu."

"Haya," anasema kaka.

"Haya kaka."

Fundi anaiweka simu juu ya meza ya cherehani, kati ya mkasi na sanduku la uzi, anatafuta mahali alipoachia pindo.